Binti yangu anamchoma mdoli sindano kila siku, hii tiba ya michezo inasaidia kweli au ni kuwachangamsha tu watoto?

mama_wa_mbagala
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo hasa nyie wenye watoto waliougua muda mrefu au mnaofanya kazi wodi za watoto.

Binti yangu ana miaka sita, mwaka jana mwishoni akagundulika na kansa ya damu. Kemo ameshaanza na daktari anasema mwili unaitikia dawa, kwa hilo namshukuru Mungu. Sasa tukirudi nyumbani mapumziko anachukua mdoli wake anamlaza kwenye mto, anamfunga mkono kwa kitambaa afu anamchoma na kijiti huku anamwambia "tulia, nimesema tulia, ukirusha mguu namwita yule anti mwingine aje akushike". Akimaliza anaanza upya, anaweza kufanya hivyo mpaka giza linaingia. Juzi akamgeuza akawa anamchoma mgongoni, akaniambia mama we mshike kichwa. Nilishindwa kukaa pale nikatoka nje.

Mama mkwe anasema nimnyang'anye huyo mdoli maana mtoto anajitabiria mabaya na anajifunza ukatili. Mume wangu anasema mwacheni atasahau akipona. Kule wodini kuna dada mmoja anakuja na makaratasi, rangi, mabomba ya sindano yasiyo na sindano, anakaa chini kwenye mkeka na watoto wanachora wanachezea, yeye haongei sana. Nikamuuliza akaniambia ni tiba kwa njia ya michezo na akasema hata mimi mzazi inanihusu. Sasa mimi sielewi, hiyo inatibu nini? Na ukweli wenyewe nikiambiwa nicheze na mwanangu sina hata hiyo hamu, nakaa namwangalia tu nawaza majibu ya damu na nauli ya Jumatatu. Naombeni mnieleweshe bila kunihukumu.

Kibonajoro
Pole sana mama, Mungu amnyooshee mkono wake huyo binti. Mimi sina ujuzi na hilo ila usimnyang'anye kitu anachokipenda kipindi hiki, subiri wenye uelewa waje.

sista_wa_watoto
Dada pole, na hongera kwa kuuliza mapema. Mimi ni muuguzi wa watoto, nimekaa na watoto wa kansa kwa miaka, nitaandika kirefu univumilie.

Mdoli usimnyang'anye. Anachofanya binti yako ndicho kinachofanyika kwenye hiyo tiba, tofauti ni kwamba yeye kaanza bila kusubiri mtu. Soma tena maneno yake uliyoyaandika hapo juu. Mdoli ndio yeye, na yeye amekuwa nesi. Wodini huyu mtoto anaamshwa, anashikwa, anachomwa, anaambiwa kula hiki usile kile, hakuna sehemu hata moja anayosema hapana ikasikilizwa, na hatuwezi kumsikiliza kwenye hilo kwa sababu dawa lazima iingie. Pale kwenye mto nyumbani ndipo anapokuwa na mamlaka. Mtu mzima akipata ajali kila anayekuja kumpa pole anamsimulia mwanzo mwisho, kesho anasimulia tena, ndivyo inavyomtoka kidogo kidogo. Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kusimulia sindano ya uti wa mgongo kwa hiyo anaisimulia kwa mikono. Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba hajitabirii, anaelezea yaliyokwisha kumpata.

Unachotakiwa kuangalia ni kama mchezo unasogea. Leo mdoli anachomwa tu, wiki ijayo labda analia na mtu anambembeleza, baadaye anawekewa plasta, anapewa uji, anaenda shule. Hapo unajua kitu kinafanya kazi ndani. Ukiona wiki nyingi ni kile kile bila kubadilika hata neno, na kila akimaliza ana hasira zaidi kuliko alivyoanza, halali, ana jinamizi, anajiumiza au anaumiza mdogo wake, hapo mwambie daktari akuunganishe na mtaalamu wa saikolojia wa hospitali, usisubiri apone kwanza.

Namna ya kuingia kwenye mchezo wake: kaa chini usawa wake na usimrekebishe. Usimwambie "usimuumize mdoli" wala "sista huwa hafanyi hivyo". Sema unachokiona tu, "naona mdoli ameshikwa na watu wawili, sijui anajisikiaje". Halafu nyamaza. Akijibu sawa, asipojibu sawa. Akikupa kazi ya kushika kichwa muulize "nimshikeje?" na ufanye anavyokuelekeza. Huyo dada wa wodini haongei sana ndio maana, sio kwamba hajui la kusema, anamwachia mtoto aongoze. Ukiwa unauliza uliza kama polisi mtoto anafunga mlango.

Pia mtafutie vifaa vya kweli. Omba nesi akupe bomba jipya lisilo na sindano, pamba, plasta, glavu, kipande cha mpira wa dripu ambao haujatumika. Usiokote vilivyotumika hata kama vinaonekana visafi. Na kabla ya siku ya sindano ya mgongo mtumie huyo huyo mdoli kumwandaa: mdoli analala ubavu amejikunja, anapakwa dawa ya baridi mgongoni, anachomwa, anakaa bila kutikisika, anawekewa plasta, anapumzika amelala chali. Mweleze kama itakavyokuwa kweli. Usimwambie haiumi, akichomwa ikauma atajua na wewe huaminiki, na safari ya matibabu ya kansa ya damu ni miaka miwili mpaka mitatu, utahitaji akuamini kila siku. Sema "itauma kidogo, halafu itaisha, na mimi nitakuwa nimekushika hapa".

Kingine ambacho akina mama wengi hawajui wana haki ya kuomba, siku ya kuwekewa kanula, kile kibomba kinachoachwa kwenye mshipa kupitishia dawa, muulize nesi kama mtoto anaweza kukaa mapajani kwako kifua kwa kifua, miguu yake huku na huku, mkono mmoja umetolewa pembeni. Watoto wanapolazwa chali na watu wanne wakawashika huwa wanapigana kwa sababu wanahisi wanazidiwa. Akiwa amekukumbatia anashikika vizuri tu na haoni kama ameadhibiwa. Mpe mapovu ya sabuni apulize wakati sindano inaingia, kupuliza taratibu kunamfanya avute pumzi ndefu na akili inahama. Sio hadithi, mwaka 2018 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, walikusanya tafiti 59 za namna ya kupunguza maumivu na hofu ya sindano kwa watoto bila dawa, na kuhamisha mawazo ya mtoto ni mojawapo ya njia zilizoonekana kusaidia.

Kuhusu usafi. Kipindi seli nyeupe ziko chini achezee vitu vinavyooshwa kwa maji na sabuni, mdoli wa manyoya uwe wake peke yake na ufuliwe, asichezee udongo wala mchanga, na rangi za maji asichangie kikombe na wenzake. Chembe za kugandisha damu zikishuka hakuna kurukaruka wala kupanda vitu. Homa ikifika 38 nenda hospitali muda huo huo hata kama ni usiku, usimpe panadol ukasubiri asubuhi.

Na kama yuko kwenye prednisolone au deksamethasoni, zile dawa za steroidi wanazopewa pamoja na kemo, usishangae akiwa mkali, analia bila sababu, anadai chakula usiku wa manane. Ni dawa hiyo. Hapo hata mchezo wake unaweza kuwa wa kugombana gombana, mwache agombane na midoli.

Mtazamaji_77
Mimi sibishani na sista, kaeleza vizuri na ni mtaalamu. Ila tuongee ukweli. Kuna hospitali mzazi anaandikiwa dawa akanunue nje, kuna nesi mmoja anahudumia wodi nzima usiku, mashine ya kipimo imeharibika wanaambiwa rudi wiki ijayo. Halafu tunaanza kuajiri watu wa kukaa kwenye mkeka na rangi? Mtoto anakufa kwa kukosa dawa, hafi kwa kukosa mdoli. Nina mpwa wangu aliugua figo, kwa hiyo siongei kwa kusikia. Hela ikipatikana iende kwenye dawa kwanza, michezo ifuate tukishatosheka.

mama_kij_eldoret
Ndugu pole kwa mpwa wako, lakini hapo sikubaliani na wewe na nitakuambia ni kwa nini.

Mimi ni wa Eldoret. Kijana wangu alikuwa na kansa ya uvimbe wa taya ile ya Burkitt, nimekaa naye MTRH, hospitali ya rufaa ya Moi, kwa matibabu. Pale kuna kituo kinaitwa Sally Test, kimekuwepo miaka mingi kupitia ule ushirikiano wa hospitali na chuo kikuu cha Indiana cha Marekani, na kazi yake ni hiyo hiyo: watoto waliolazwa wanacheza, wanasoma, wanaandaliwa kabla ya upasuaji, hata wale wameachwa na familia zao wanapata mtu wa kukaa nao. Sio Ulaya, ni hapa hapa kwetu, na wanaofanya kazi pale ni Wakenya wanaongea na mtoto kwa lugha yake. Huko kwenu nako nimesikia Tumaini la Maisha pale Muhimbili wanatibu watoto wa kansa bure na pamoja na dawa wana shule na michezo kwa watoto.

Sasa nikujibu kuhusu dawa. Mtoto anayeogopa sindano mpaka anapigana, wanatumia saa nzima kutafuta mshipa, unapasuka, wanahamia mkono mwingine, wauguzi watatu wameacha watoto wengine wamekuja kushika mmoja. Nesi wako mmoja wa usiku anaumaliza usiku hapo. Mtoto aliyeandaliwa ananyoosha mkono mwenyewe. Kijana wangu alifika mahali anamwambia daktari "ngoja nihesabu mpaka tano ndio uchome", na walimngojea. Hesabu wewe ni muda gani na kanula ngapi zimeokolewa.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma sana. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wa kansa wanapona, nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30, na mwaka 2018 waliweka lengo angalau asilimia 60 wapone duniani ifikapo 2030. Moja ya sababu kubwa huku kwetu ni wazazi kuacha matibabu katikati. Wanaacha kwa sababu ya pesa na umbali, hiyo ni kweli, lakini nimelala kwenye ile wodi na nimeongea na hao akina mama usiku. Mwingine anakuambia mtoto wake akiona tu gate ya hospitali anatapika, akivalishwa nguo za safari anajificha chini ya kitanda, anamlilia mama "umechoka na mimi ndio unanileta waniue?" Mama anasikia hayo kila mwezi, na nyumbani kuna mtu anamwambia kuna mganga mahali fulani hachomi sindano. Siku moja hapandi matatu. Dawa ilikuwa hospitalini inamngoja na ilikuwa ya bure. Kwa hivyo usiseme dawa kwanza mchezo baadaye, kwa mtoto wa miaka mitano mchezo ndio unaifikisha dawa kwenye mwili.

Mtazamaji_77
Hapo kwa akina mama kuacha katikati umenigusa, hata kwa dada yangu ilibaki kidogo. Bado nasema serikali itoe dawa na ilipe hao watu pia, sio wafadhili milele. Lakini nimekuelewa.

mswahili_wa_leicester
Nachangia kidogo kutoka huku Uingereza, nafanya kazi hospitali ingawa sio wodi ya watoto.

Watu wanadhani huku walizaliwa wakijua haya. Zamani hospitali za huku mzazi alikuwa haruhusiwi kukaa na mtoto, unamleta mlangoni unapangiwa saa ya kumtembelea, sehemu nyingine mara chache tu kwa wiki, wakisema mama akija mtoto analia anasumbua wodi. Mtoto alikuwa ananyamaza kweli, ila ni kunyamaza kwa kukata tamaa. Mwaka 1959 ndio ikatoka ripoti ya serikali, ya Platt, ikisema wazazi waruhusiwe kumtembelea mtoto muda wowote, akina mama wa watoto wadogo wakae nao, na mtoto apate kucheza na kusoma akiwa hospitali. Sasa hivi wodi za watoto nyingi zina mtaalamu wa michezo, ni kazi yenye mafunzo yake, na madaktari wanamwita kabla ya kumfanyia mtoto kitu kigumu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwetu mama analala na mtoto kitanda kimoja tangu siku ya kwanza. Anampikia, anamwogesha, anamshika akitapika. Hicho wenzetu walikipigania miaka, sisi tunacho tayari. Kilichobaki ni mtu wa kumkalisha mama chini na kumwambia, ukiwa hapo kitandani fanya hivi na hivi. Chumba cha michezo kizuri kikipatikana ni jambo jema, lakini mama_wa_mbagala usisubiri chumba. Wewe upo pale saa zote.

Na kwa uliposema huna hamu ya kucheza, dada usijilaumu hata kidogo. Mtu anayesubiri majibu ya damu ya mtoto wake hawezi kuwa na hamu ya kucheza. Dakika kumi zinatosha. Na zile dakika kumi hazimsaidii mtoto peke yake, utashangaa kwamba kwa muda ule na wewe umemwona binti yako, sio mgonjwa.

baba_D_tanga
Nimesoma nikaona niandike na mimi japo ni vigumu kwangu.

Mwanangu tulimpoteza. Uvimbe wa jicho, tulifika umeshapita nyuma ukaingia ndani. Mwenye mtoto mchanga ukiona mboni ya jicho lake inang'aa nyeupe kwenye picha au usiku, mpeleke haraka, usiwekee dawa za kienyeji. Hilo nalisema kila ninapopata nafasi.

Daktari alipotuambia dawa zaidi hazitasaidia, wenzangu kwenye familia walitaka vitu vyote vya kuchezea viondolewe, watu wakae wasome dua, mtoto apumzike. Dua tulisoma. Ila yule mama wa huduma za faraja aliyekuwa anakuja nyumbani na morfini ya maji akatuambia mtoto aendelee kucheza kadiri anavyoweza, maumivu yakitulizwa mtoto anataka kucheza, na akisema anataka kucheza basi jueni dawa ya maumivu imefanya kazi. Nikamtengenezea gari la waya na makopo. Hakuwa anaona sana wakati huo, akawa analishika shika magurudumu anasema hili linaenda Lushoto, hili limebeba nyanya, anampakia bibi yake, anampakia mama yake. Mimi hakunipakia. Nikamuuliza mbona mimi siendi, akasema wewe baba ndio unabaki na mimi.

Sijui alijua nini na hakujua nini. Nilimwambia ndio, nabaki na wewe. Hayo mazungumzo tusingeyapata kwa kukaa kitini na kumwuliza "unaogopa?" Watoto wa umri ule hawajibu hivyo. Mimi na mke wangu baada ya mazishi tulikuwa na kitu cha kuongea zaidi ya hospitali na maumivu, na nadhani ndicho kilichotushika tusiachane.

Kwa hiyo hata wale ambao watoto wao hawatapona, na wapo humu wanasoma kimya kimya, hii inawahusu pia.

sista_wa_watoto
Baba D pole sana, na asante mno kwa kuandika. Mwenyezi Mungu ampumzishe. Hilo la maumivu kutulizwa kwanza ni kweli kabisa, mtoto aliyeacha kucheza ghafla sisi tunamuuliza kwanza kama anaumwa mahali.

mama_wa_mbagala
Nimelia kusoma. Baba D, Mungu akutie nguvu wewe na mama yake.

Sista nilifanya ulivyosema. Nilikaa chini nikasema tu "naona mdoli kashikwa na watu wawili". Akaniangalia muda mrefu, akasema "amekuwa mbaya ndio maana anachomwa". Nikamuuliza kafanya nini, akasema alikula ubuyu wa dukani alikatazwa. Jamani mwanangu kumbe muda wote huu anadhani kaumwa kwa sababu ya ubuyu. Nikashindwa nimjibu nini pale pale, nikamwambia mdoli wangu namjua ni mzuri, nikamkumbatia mdoli, yeye akacheka akasema na mimi nikumbatie. Sasa nimwambie nini kuhusu huo ubuyu?

Halafu kuna kaka yake wa miaka tisa. Toka tuanze hospitali kawa mkimya, shuleni mwalimu anasema hasikilizi, na juzi alificha kofia ya mdogo wake. Na baba yao anarudi usiku na bodaboda amechoka, anasema hayo ya kucheza ni yenu wanawake. Nifanyeje?

sista_wa_watoto
Umefanya vizuri sana, na hivyo ulivyomkumbatia mdoli ulikuwa umeshamjibu. Sasa tafuta muda ametulia umwambie kwa maneno mafupi: ugonjwa wako haukuletwa na ubuyu, haukuletwa na kitu ulichofanya wala ulichosema wala ulichowaza, na sindano sio adhabu, ni njia ya dawa kuingia. Atakuuliza tena wiki ijayo na mwezi ujao, jibu vile vile. Watoto wengi wa umri huu wanatafuta kosa lao, na huku kwetu wanasikia wakubwa wakinong'ona karogwa, kuna mkono wa mtu, mama yake alifanya hivi. Waombe ndugu hayo yasisemwe mbele yake. Na omba kila nesi asimtishe kwa sindano, hata nyumbani isitumike "ukikataa kula nitakupeleka ukachomwe". Hilo naliona kila siku na linatuharibia kazi.

Kaka mtu naye mara nyingi anabeba siri kama hiyo hiyo. Labda siku moja waligombana akasema nakuombea ufe, sasa anaamini yeye ndio chanzo. Mwambie maneno yale yale, kwamba hakuna aliyeusababisha na hauambukizi. Mpe kazi kwenye mchezo, awe daktari mkuu, awe dereva wa ambulansi, na kama wodi inaruhusu na hana mafua mpeleke siku moja aone, anachokiwaza kichwani huwa ni kibaya kuliko wodi yenyewe. Ila apate na muda wake peke yake bila kuongelea ugonjwa, hata mkicheza drafti.

saikolojia_udsm
Naomba niongezee kuhusu baba. Mimi nasomea saikolojia. Kumfundisha mzazi mwenyewe awe ndiye anayeongoza mchezo sio jambo la kubahatisha, kuna mume na mke wataalamu Wamarekani, Bernard na Louise Guerney, walilianzisha miaka ya 1960. Waliona mtoto anamhitaji mzazi wake zaidi ya anavyomhitaji mtaalamu, hivyo wakawa wanawafundisha wazazi, baba na mama, na kawaida yake ni nusu saa mara moja kwa wiki. Muda huo simu imezimwa, midoli ni ile ile, mtoto ndio anaamua kinachochezwa, mzazi anafuata na kutaja hisia anazoziona. Mipaka ni michache na inasemwa wazi, tusiumizane, tusivunje vitu. Muda ukikaribia kuisha anaambiwa mapema, "zimebaki dakika tano".

Nusu saa kwa wiki mtu wa bodaboda anaiweza, Jumapili kabla hajatoka. Na dada usimwambie ni tiba, mwambie binti yako anataka baba awe mgonjwa yeye awe daktari. Baba alale chini achomwe na bomba, apige kelele aseme naogopa, mtoto amwambie tulia. Mtoto akimwona baba yake mkubwa vile anaogopa sindano na anabembelezwa, anajua kwamba kuogopa kunaruhusiwa.

mama_kij_eldoret
Hiyo ya baba kulala chini fanyeni. Bwana yangu alifungwa bandeji kichwa mzima na kijana wake akakaa nayo mpaka chakula cha jioni.

mama_wa_mbagala
Asanteni sana wote. Nimemsomea mume wangu yote mpaka ya Baba D, hakusema kitu, ila kaniuliza Jumapili ni saa ngapi mtoto anakuwa na nguvu. Sista swali la mwisho, dawa za wiki hii zinamkausha mdomo ana vidonda, anacheza kidogo anachoka. Nimwache alale tu?

sista_wa_watoto
Vidonda mwambie daktari leo, ipo dawa ya kusukutua na ya maumivu, asivumilie. Akichoka mwache alale, hakuna kumlazimisha. Mwekee mdoli na bomba karibu na mkono tu, na wewe ukae hapo unaweza kumchezea yeye anaangalia, anakuambia mdoli afanye nini. Akilala unaendelea na shughuli zako. Jumatatu mkija mwambie aje na huyo mdoli, tutamwandikia faili lake.